Pipa la Nne

Asubuhi, kabla ya chai, nahesabu.
Mililita moja ya maji ya Jomvu, yenye chumvi ya kukisia,
kioo chenye ufa pembeni,
jicho moja nimelifumba, ulimi nimeuuma.
Mia na arubaini. Mia na arubaini na mbili.
Mmoja anapita mbio, nasahau, naanza upya.
Dawa ya kuwatuliza ipo. Siitii.
Sipendi kuhesabu maiti.

Bwana Feruzi anawaita chakula.
Ni kweli: vifaranga vya mwatiko, siku ya tatu,
midomo yao haitoshi hata ncha ya sindano,
hawali kingine.
Lakini mimi ndiye niwaoshaye vyombo;
siwezi kumwita chakula
mtu niliyemwona na mimba.

Jina lao la kitabuni ni rotifa.
Mama Umazi, anayefagia, anawaita vipekecho,
kwa vile nywele za kichwani huzunguka, huzunguka,
na maji yote ya jirani huja yenyewe kinywani.
Moyo hawana. Mapafu hawana.
Mwili ni kioo: unaona mwani ukiingia kijani,
taya likitafuna huko ndani ya koo,
na nyuma, karibu na mguu,
yai limening'inia kama kikapu cha mwenda sokoni.

Wote wanawake.
Sisemi wengi. Nasema wote.
Mama anazaa binti bila posa, bila mahari, bila kumngoja mtu,
binti keshokutwa ni mama,
na pipa lililokuwa maji matupu Jumatatu
Ijumaa ni uji.

Nilimsimulia dada yangu Mwanasha, kule Kisauni,
wiki ile aliyorudi nyumbani na virago vyake.
Alicheka mpaka akalia.
"Nipeleke," akasema, "nikaishi pipani."

Stima ilikatika Alhamisi, saa mbili usiku.
Mikindani yote giza. Pampu ya hewa
ikakohoa mara moja, ikanyamaza.
Nikakoroga kwa mwiko wa pilau ya harusi,
mapipa manne, kwa zamu, hadi adhana ya alfajiri.
La nne lilikuwa limejaa kupita kiasi,
tangu juzi nilitaka kulipunguza.

Jumamosi nikaona mayai madogo, madogo mno,
yamejazana kwa mama mmoja.
Yakatoka wanaume.

Robo ya kimo cha mama, pengine pungufu.
Nikatafuta kinywa, nikazungusha skrubu, nikatafuta tena.
Hakuna. Tumbo hakuna.
Mahali pa tumbo pana mbegu.
Anakimbia kama mwenye kudaiwa,
anagonga, anakosa, anagonga,
kesho yuko chini na takataka.

Nilikuwa nimemtayarishia Mwanasha mzaha.
Ukanikaukia mdomoni.
Huyu hakukimbia sahani ya wanawe.
Hakupewa kinywa.

Mayai yaliyofuata yalikuwa mengine:
mazito, rangi ya kahawa iliyoungua, ganda nene.
Yakazama. Siku nne, tano, hayakuanguliwa.
"Pipa limekufa," akasema Bwana Feruzi, "mwaga."
Nilimwaga maji.
Tope la chini nililianika juu ya gazeti, kwenye bati,
nikalitia kopo la maziwa ya unga.

Mwaka huu biashara imefungwa.
Mapipa wameyanunua wauza maji wa Changamwe.
Kopo liko juu ya kabati langu,
nimeliandika kwa wino mwekundu: SI KAHAWA.

Mwanasha akija hulitikisa. Hulia kama mchanga.
"Wamo?"
Wamo, nadhani. Wanaweza kulala miaka.
"Wanangoja nini?"
Chumvi kiasi. Mwanga. Joto la mkono.
"Basi?"
Basi.

Jana alikuja na chupa ya soda,
imejaa maji ya mkondo wa Tudor, ameyachuja kwa leso.
Akaiweka mezani, akaanza kuongea habari za bei ya mchele.

Bado iko pale.
Kijiko nimeshakiosha.